Kumwaga vifaranga vya tilapia ziwani Kivu: tunaongeza samaki au tunalisha mustikere?

Kijana_wa_Nyofu
Jumatatu, saa 1:40 jioni

Salamu kwenu nyote, wa Bukavu, wa Goma, wa Idjwi na ninyi mliokwenda mbali.

Wiki jana wavuvi wa upande wetu tuliitwa mkutanoni. Kuna shirika (jina naliacha, sitafuti kesi) linalotaka kuleta vifaranga vya tilapia kwenye mifuko ya oksijeni na kuvimwaga katika ghuba yetu "ili ziwa lirudishiwe samaki wake". Siku hiyo kutakuwa na fulana, kofia na hotuba. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, na toka hapo mjomba wangu ananiuliza ni nani amenilipa.

Sababu yangu ni hii. Nenda ufukweni kabla jua halijapanda, utakuta vijana wanakokota mustikere (vyandarua vya mbu) nne zilizoshonwa pamoja. Chungulia beseni lao: vitoto vya sambaza (dagaa wetu wa Kivu), vitoto vya tilapia, vitu visivyozidi ukucha, vyote vinakwenda kuanikwa pamoja na kuuzwa kwa kipimo cha kopo. Ghuba ni hiyohiyo, mustikere ni hizohizo. Sasa vifaranga vya shirika vikimwagwa Jumamosi, Jumatatu vitakuwa wapi?

Baba alitega nyavu hapa kabla sijazaliwa. Anakumbuka tilapia ambaye mtu mmoja hakuweza kummaliza. Leo tilapia wa kwenye hoteli za mjini mara nyingi ametoka kwenye vizimba vya nyavu, vya kufugia samaki ziwani, upande wa Rwanda, au kwenye katoni ya barafu.

Nataka kusikia wenye mabwawa, waliosoma mambo haya, na mama zetu wa sokoni. Nikikosea nirekebisheni, ila msinitukane. Mjomba anatosha.

MamaSambaza_Kadutu
Jumatatu, saa 2:15 usiku

Kijana, mi nauzishaka sambaza ku soko ya Kadutu tangu mutoto wangu wa kwanza iko ku mugongo, na leo ule mutoto iko na bake batatu. Acha nikuulize kitu moja: sambaza yenyewe ilitokaka wapi? Bazee balituambiaka asema Bazungu njo baliileta toka Tanganyika, bakaimwanga huku. Kumbe ilimwangwa! Ile siku kungekuwa kijana sawa wewe, mwenye hapige makofi, mi ningesomesha batoto na nini?

Bakileta tilapia, balete. Mi sione ubaya. Mupaka tu isikuwe sawa ile ya katoni, inanukaka sawa kitambaa ya kupangusia meza.

Mwalimu_wa_Bio
Jumatatu, saa 3:02 usiku

Mama yetu, jambo. Umesema kweli, na umetubana pabaya.

Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Wabelgiji walimchota Tanganyika na kumleta mwaka wa 1959, vifaranga 57,400 hivi vya aina mbili: sambaza wetu na binamu yake, ambaye wataalamu humwita Stolothrissa. Binamu hakuishi. Sambaza alishika, lakini kimyakimya. Ilipita karibu miaka ishirini kabla watu hawajaanza kumvua kwa taa kama kazi ya kweli, mradi wa FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ulipoanza Gisenyi mwishoni mwa miaka ya 1970. Zile mitumbwi zinazofungwa tatu tatu kwa miti mirefu, na nyimbo zake za jioni ambazo watalii wanazipiga picha, wengi hudhani ni mambo ya mababu. Ni ya baba zenu.

Kwa nini alishika? Zamani maji ya Kivu yalishuka kaskazini kuelekea ziwa Edward. Volkano za Virunga zikaziba njia, ziwa likapanda mpaka likapata mlango mpya hapa kusini, mto Ruzizi unaoshuka Tanganyika. Na Ruzizi ina maporomoko ambayo samaki wa Tanganyika hawawezi kuyapanda. Ndiyo maana ziwa kubwa namna hii lina aina za samaki zisizofika thelathini, wakati Tanganyika ina mamia. Katikati ya Kivu, mbali na ukingo, hapakuwa na samaki wa kula vile vidudu vidogo vinavyoelea. Sambaza aliingia nyumba isiyo na mpangaji.

Si kwamba hakuna aliyelipa. Kulikuwa na kidudu kimoja, Daphnia curvirostris, kikubwa kuliko wenzake, kilichokuwa kikila mwani wa ziwa hili kama mbuzi malishoni. Sambaza alikimaliza. Mwaka wa 1986 mtaalamu wa Ubelgiji, Henri Dumont, aliandika kwamba uletaji ule ulikuwa balaa, na kwamba samaki huyo amekata tawi alilokalia. Tawi halikuanguka, Mama wa Kadutu ni shahidi. Lakini kidudu hakikuwepo tena.

Tilapia ni habari nyingine kabisa. Huyu ni mwenyeji, yupo tayari. Na hakai katikati ya ziwa. Anataka maji mafupi yenye mchanga au tope, dume achimbe kiota, jike abebe mayai mdomoni, mamia kwa mara moja, na anarudia mwaka mzima. Jike wachache tu wenye afya wanatosha kujaza ghuba, wakipata mahali. Sasa hili ni ziwa la kina cha mita 485, lenye hewa kwenye mita 60 hivi za juu peke yake, na kingo zinazozama kama ukuta. Mahali pa kuzalia ni ukanda mwembamba. Ukanda huo ndio tunaoulima mpaka majini, tunaoujengea, na tunaoutupia plastiki zinazoshuka na mvua mpaka kuziba mitambo ya umeme pale Ruzizi.

Shirika linaleta wageni, vitanda havipo.

Mtoto_wa_Idjwi
Jumatatu, saa 3:20 usiku

Kuhusu huo ukuta, mwalimu hajatia chumvi. Kwetu kisiwani Idjwi unapiga hatua ya kwanza majini, ya pili, ya tatu unaanza kuogelea. Tilapia wako kwenye vighuba vichache, na kila kighuba kina mwenyewe na nyavu zake.

Pesa_Mbele
Jumatatu, saa 3:31 usiku

Nyie wasomi mnakataa hata samaki wa bure. Waacheni watu wapate fulana.

Bwawa_la_Katana
Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Nilisoma usiku, nikaona nijibu asubuhi nikiwa na kichwa kizuri. Bugali wangu unatoka humohumo: nazalisha vifaranga vya tilapia na vya kambare, nawauzia wenye mabwawa. Kwa hiyo msidhani nimekuja kupiga vita vifaranga.

Hakuna aliyeuliza swali ambalo mimi ningelianza nalo: hivyo vifaranga ni vya jinsia gani?

Msicheke. Bwawani, taabu ya tilapia ni kwamba anazaa mapema na anazaa mno. Weka madume na majike pamoja, baada ya miezi sita bwawa limejaa vitoto visivyonenepa, na wakubwa wamedumaa kwa kunyang'anyana chakula. Kwa hiyo wazalishaji wengi huchanganya homoni kwenye unga wa vifaranga, wiki tatu au nne za mwanzo, na karibu vyote vinakuwa madume. Dume hukua haraka kuliko jike, mteja anafurahi, mimi nalipwa. Kwa bwawa na kwa kizimba hiyo ni kazi safi. Sasa chukua vifaranga hivyohivyo uvimwage ziwani "ili samaki waongezeke". Ni sawa na kupeleka jeshi la wanaume kwenye kisiwa kitupu, halafu ukae ng'ambo ukingoje kusikia watoto wakilia.

Swali la pili: mama zao ni wa ziwa gani? Tilapia wa Kivu ni ukoo mmoja na wa Edward. Vifaranga vya kununua mara nyingi vina damu ya mbali. Kuna mbegu moja mashuhuri iliyotengenezwa Ufilipino kuanzia mwaka wa 1988, kwa kuchanganya tilapia kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegali na wengine waliokuwa wakifugwa Asia. Inakua vizuri, sina ugomvi nayo. Lakini ilichaguliwa kizazi kwa kizazi kwa kitu kimoja, kunenepa haraka kwa chakula cha mkononi. Madume wake wakikutana na majike wetu wa ziwani, kitakachozaliwa kina damu mbili, na hakuna wa kuitenganisha. Bwawa likiharibika nalikausha, napiga chokaa, naanza upya. Ziwa utalikausha na nini?

La tatu ni ugonjwa, na hilo kila mwenye kuku analijua. Kuku wa sokoni humchanganyi na wa nyumbani siku hiyohiyo.

Sisemi watu wa shirika ni wabaya. Nasema waulizwe kabla ya hotuba, kwa sababu baada ya hotuba mfuko umeshafunguliwa.

Kijana_wa_Nyofu
Jumanne, saa 1:05 asubuhi

Katana, la madume halikunipita hata ndotoni. Naandika maswali yote matatu kwenye karatasi.

Pesa_Mbele, fulana yangu nitakuwekea.

Mushi_wa_Boise
Jumanne, saa 5:10 usiku ya Bukavu, huku kwangu bado mchana

Mimi mtoto wa Bagira, sasa niko Boise, jimbo la Idaho, Marekani, mwaka wa nane. Kazi yangu ni ya ghala, ila siku za mapumziko navua. Ugomvi mnaouanza ninyi, huku watu wameurithi kwa babu zao.

Samaki wao ni salmoni. Huzaliwa mtoni, hushuka baharini, akikomaa hurudi kuzaa kwenye mto uleule. Bonde la mto Columbia lilianza kujengewa vituo vya kutotolea mayai ya samaki miaka ya 1870, viwanda vya samaki wa kopo vilipokuwa vimeshawachota kupita kiasi. Baadaye yakaja mabwawa ya umeme, vituo vikaongezwa kufidia. Fikra ilikuwa ileile ya shirika lenu: samaki wakipungua, mwaga wengine, kisha endelea na mambo yako.

Mwaka wa 2007 watafiti watatu, Araki, Cooper na Blouin, walitoa matokeo kutoka mto Hood, jimbo la Oregon. Walisoma vinasaba vya trauti (samaki wa jamii ya salmoni) wa aina inayoshuka baharini, wakajua nani ni mtoto wa nani. Kila kizazi kinacholelewa kituoni, uwezo wa samaki kuacha watoto akirudi mtoni ulishuka karibu asilimia 40. Hawakuwa vilema. Walizoea maisha ya kulishwa, na maisha ya kulishwa yanachagua watu wake.

Jirani zetu wa Montana walifanya jambo ambalo wavuvi wao waliliona la kichaa. Mwanabiolojia mmoja, Dick Vincent, alihesabu trauti kwenye mto Madison na kijito cha O'Dell. Pale walipoacha kumwaga samaki wa kufugwa, wale waliozaliwa mtoni waliongezeka. Pale walipoanza kumwaga, walipungua. Mwaka wa 1974 jimbo likaacha kumwaga trauti kwenye mito inayojitosheleza. Watu walipiga kelele, hasa wenye maduka ya nyavu na ndoano. Leo watu wanapanda ndege kuja kuvua huko.

Sasa Mama wa Kadutu, sikiliza hapa, hii ni yako. Wale trauti wa kahawia wa mto Madison, wanaolindwa kama dhahabu, babu zao walitoka Ulaya. Walimwagwa mwishoni mwa karne ya 19! Kwa hiyo mtu akikuambia "samaki wa mwituni", hasemi lazima kwamba alikuwepo tangu Mungu aumbe ulimwengu. Anasema anazaliwa humo, anakulia humo, hakuna wa kumlisha. Sambaza wako ana zaidi ya miaka sitini akizaliwa Kivu. Kwa hesabu hiyo ni wa mwituni, na vitoto vyake ndivyo vinavyokwenda kwenye mustikere za Nyofu.

Na nisiwadanganye upande mmoja. Hapa Idaho kuna ziwa linaitwa Redfish, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka baharini, na njiani kuna mabwawa manane ya umeme. Mwaka wa 1992 salmoni mwekundu mmoja tu alifika. Mmoja, dume. Watu wakampa jina, Lonesome Larry, yaani Larry Mpweke. Mbegu ya samaki wale ingekuwa imekwisha kama isingetunzwa kwenye kituo cha Eagle, hapa karibu na ninapoishi. Lakini pale walitunza samaki wa ziwa hilohilo, na kila jike wanaandika amezaa na dume yupi, kama padri na kitabu chake cha ubatizo. Hiyo ni tofauti na kununua mifuko sokoni.

Bwawa_la_Katana
Jumatano, saa 12:15 asubuhi

Hilo la kulishwa nalishuhudia kila siku. Nikigonga ndoo, tilapia wangu wote wanapanda juu, midomo wazi. Siku hizi mnandi, yule ndege mla samaki, naye ameujua mlio wa ndoo, anakuja kabla yangu.

Mwalimu_wa_Bio
Jumatano, saa 1:30 jioni

Boise, nimefurahi kukusoma, ila tusibebe salmoni wazima wazima tukawaweka Kivu. Salmoni kila mto una ukoo wake, na safari ya baharini inachuja vikali. Tilapia ni mvumilivu kuliko hapo, atakula karibu chochote na kuzaa karibu popote. Ile asilimia 40 ni ya mto Hood, ibaki huko. Kinachovuka bahari ni swali tu: mahali panapozalisha samaki pamefanyiwa nini?

Na mmoja asahauliwe. Katika ziwa letu kuna vile visamaki vya mawe, jamii ya haplochromis, aina kumi na tano hivi ambazo hazipatikani ziwa lingine duniani. Havina bei, kwa hiyo havina wakili. Tilapia mgeni akija kwa wingi kwenye ukanda ule mwembamba, jirani yake wa kwanza ni hao. Mwaka wa 2006 kulionekana tayari mgeni mwingine kutoka Tanganyika, yule mrefu mwenye madoa ya buluu ambaye wavuvi wanamwita rwanda-rwanda. Huyo hata hotuba hakuandaliwa.

Mwanza_Kirumba
Jumatano, saa 2:05 usiku

Ndugu zetu wa Kongo, hodi. Sisi wa ziwa Victoria tulimwagiwa sangara kuanzia miaka ya 1950. Viwanda vya minofu tulipata, ajira tulipata. Furu, visamaki vya jamii ya hao haplochromis wenu, ambao walikuwa aina mamia, wengi hatuwaoni tena, na bibi yangu mpaka leo akila sangara anasema anatafuna ukuta. Ni hayo tu, naendelea kusoma.

Lushois_77
Jumatano, saa 3:40 usiku

Niko Lubumbashi, kwetu ni upande wa Kasenga, kwenye Luapula. Mnaongea tilapia, acheni niwape ya mpumbu.

Mpumbu alikuwa samaki mkubwa wa ziwa Mweru. Mvua zikija, anapanda Luapula kwenda kuzaa, kundi juu ya kundi, tumbo limejaa mayai. Ndipo watu walipomngojea. Ukimkuta samaki njiani anakwenda kuzaa, kumvua ni rahisi kama kufagia uwanja, na mayai yenyewe yana bei. Malori yalikuwa yanabeba samaki toka Kasenga kuja kulisha wafanyakazi wa migodi ya Katanga. Mwisho wa miaka ya 1940 mpumbu akaanguka, na hakurudi kuwa yule. Babu yangu alikuwa akilieleza jambo hilo kwa sauti ya mtu anayeeleza msiba wa nyumbani.

Leo sokoni hapa Lushi kinachotoka Mweru kwa wingi ni chisense, kasamaki kadogo kakavu, unakala na kichwa chake. Wakubwa wakiondoka wadogo wanashika nafasi. Kwa hiyo mkisema sambaza wadogo wanavuliwa na mustikere, jiulizeni baada ya sambaza anakuja nani. Chini ya sambaza sioni samaki mwingine mdogo zaidi wa kumuokoa Mama.

Ninyi wa Kivu mna kuyu na wenzake wanaopanda mito kuzaa? Kama wapo, angalieni midomo ya mito kabla ya kuangalia mifuko.

Mtoto_wa_Idjwi
Jumatano, saa 3:55 usiku

Wapo, wale wenye ndevu, wanapanda mito mvua ikinyesha. Na kwenye midomo ya mito ndipo nyavu zinapofungwa toka ukingo mpaka ukingo. Nimeziona Kalehe, nimeziona kwetu. Kila mtu anazijua na kila mtu ana shemeji mwenye moja.

MamaSambaza_Kadutu
Alhamisi, saa 2:50 usiku

Sasa mi nimeelewa kidogo. Ule wa Boise amesema neno, asema sambaza njo mwenyeji sasa. Asante baba, nilikuwa naogopa mutaniambia nauzishaka mugeni.

Lakini munaongeaka rahisi. Kule ngambo, Rwanda, bafungaka ziwa miezi mbili kila mwaka. Sambaza inapumuzika, inakomaa, ni muzuri. Mi ile miezi nauzisha nini? Likelemba (kile kikundi ya kuchangiana makuta) inaningojea, ecole inaningojea, mwenye nyumba njo hangoje hata kidogo. Na huku kwetu bakisema tufunge, kuko benye kuvua usiku, sambaza inapanda bei, ule mwenye alitii njo analala njaa. Sambaza haichukuake jeto, ile karatasi ya kuvuka mupaka, ku Ruzizi. Inapumuzika kule, inakuja kufwa huku. Kama ni kufunga, bafunge pande mbili siku moja, na ule mwenye kufunga atuambie tutakula nini.

Mustikere, ile mi nakubali bashike. Ile bitoto mi sinunuake. Inakuwa bichungu ku mafuta na haijaze sahani.

Pesa_Mbele
Alhamisi, saa 3:10 usiku

Wakamate mustikere halafu wale vijana waibe simu zenu. Sawa.

Kijana_wa_Nyofu
Alhamisi, saa 3:25 usiku

Hapo, Pesa_Mbele, kwa mara ya kwanza umesema kitu. Wawili katika hao vijana nimesoma nao. Wavu wa macho makubwa una bei, mustikere inagawiwa bure na watu wa malaria. Kama shirika lina pesa za mifuko, gari na fulana, nadhani pesa hizohizo zingenunua nyavu halali na kuzibadilisha na mustikere, moja kwa moja, pale ufukweni. Na kuweka vigingi kwenye kighuba kimoja tu, chenye mchanga, asivue mtu humo. Kimoja. Nitalisema mkutanoni.

Msimamizi
Ijumaa, saa 4:00 asubuhi

Nimefuta majibu matano yaliyokuwa ya siasa na kabila. Uzi huu ni wa samaki.

Kijana_wa_Nyofu
Siku kumi na moja baadaye, saa 1:15 jioni

Ahadi ni deni, naleta habari.

Maswali ya Katana tuliyauliza. Kijana wa mradi, mpole sana, alisema wazazi wa vifaranga "ni wazuri". Kuhusu madume alipiga simu mahali, simu haikushikwa. La kubadilisha nyavu aliliandika kwenye daftari. Mzee mmoja akasema tuache kumsumbua mgeni, hotuba ikaendelea.

Walimwaga Jumamosi saa nane mchana, jua kali. Mifuko ilikuwa imekaa nyuma ya kamioneti tangu asubuhi. Hawakuiacha kwanza ielee juu ya maji ili joto lilingane. Walikata kamba wakamimina, picha zikapigwa. Jumapili vifaranga vingi vilikuwa matumbo juu kando ya mawe. Wamama waliotoka misa ya kwanza walirudi na vikapu. Vilivyopona vilikaa palepale ukingoni, na kila mtu akipita vinapanda juu, midomo wazi, kama vile vya Katana. Jumatatu vijana wa mustikere walikuja mapema kuliko siku zote.

Nilichota kumi na viwili hai. Viko kwenye pipa nyuma ya nyumba. Nataka kujua ni madume au la, nikiwa na jibu mkononi nirudi kwa yule kijana mpole. Mjomba anasema sasa ameshajua ni nani alinilipa: samaki wenyewe.

Katana, nitawatambuaje?

Bwawa_la_Katana
Siku hiyohiyo, saa 2:40 usiku

Ngoja wafike gramu 50 hivi, kabla ya hapo utabahatisha. Mgeuze tumbo, tazama nyuma ya mkundu. Dume ana matundu mawili kwa jumla, jike matatu, la katikati ni kama mkato mdogo uliolala. Tone la wino wa buluu linasaidia kuona.

Pipa ni dogo kwa kumi na viwili. Toa theluthi moja ya maji kila siku mbili, weka ya ziwani, ya robine (bomba) yana dawa. Wape pumba kidogo, kinachobaki kinaoza. Na funika pipa usiku, wanaruka. Ukimaliza kuwatazama usiwarudishe ziwani, hata mmoja.

MamaSambaza_Kadutu
Siku hiyohiyo, saa 2:58 usiku

Basi yote kumi na mbili unaniletea, dume ao jike. Mafuta haiulizake.